Kazi iko, mushahara njo hauko

Maneno tuliyosema mbele ya vijana wa Kisangani tarehe 5 Mei, Siku ya Wakunga Ulimwenguni. Wengi walituomba tuyaweke hapa, juu walikosa nafasi ya kuingia. Tunayaacha sawa vile tulivyoyasema.

Wana Boyoma, kaka na dada, ninyi wa Makiso, wa Mangobo, wa Tshopo, wa Kabondo, wa komini Kisangani, na ninyi muliovuka muto asubui mukitoka Lubunga, tunawasalimia wote. Wamama na wazee waliokubali kuketi pamoja na sisi, tunawapa heshima yenu.

Tuanze na ulizo moja. Kati yenu, ni nani aliyezaliwa katika maternite? Munaona mikono. Karibu wote. Sasa ulizo la pili: ni nani anajua jina la mutu aliyemupokea siku ile? Mukono moja tu, kule nyuma, na yeye anacheka juu ni shangazi yake. Sawa.

Kabla mama yako hajakubeba, kuko mikono mingine iliyokushika kwanza. Huyo njo mukunga. Wengine munasema sajefamu, wengine akusheze. Leo tunazungumuza juu yake, na zaidi juu ya mudogo wake: binti aliyemaliza masomo, diplome iko mukononi, na hajui ataipeleka wapi.

Ukiuliza wakubwa, wanakuambia: inchi iko na upungufu wa wakunga. Ukiuliza wakunga wapya, wanakuambia: hakuna kazi. Mutu anaweza kufikiri kwamba moja kati yao anadanganya. Hapana. Wote wawili wanasema kweli, na shida yenyewe iko hapo katikati. Kazi iko, tena ni nyingi. Mushahara njo hauko.

Tumuchukue dada moja. Jina lake tunaliacha, juu wako wengi wanaofanana naye, na hatutaki aharibikiwe. Mama yake anauza pondu sokoni, na kwa feza ile alilipa minervali mwaka kwa mwaka. Dada alisoma, akafanya staji za usiku, akanunua glovu kwa feza yake. Alipomaliza, alipeleka barua ya kuomba kazi. Walimupokea wiki ile ile, juu mikono ilihitajika. Lakini walimupokea “kwa kusaidia”. Sasa ni miaka. Hana matrikile, hana mushahara, hana primu ya hatari. Mwisho wa mwezi, wakigawana kile wagonjwa walicholipa, anapata kitu kidogo. Mwezi mwingine hapati. Anaenda kazi kwa toleka, na siku mifuko iko wazi anaenda kwa miguu.

Kwenye karatasi za serikali, huyu dada hayuko. Kwenye chumba cha kuzalia, saa nane za usiku, ni yeye peke yake aliye hapo.

Vijana wengi hawajui namna gani mutu anaingia kazi ya serikali, basi tueleze pole pole. Diplome peke yake haikupi mushahara. Kwanza unatakiwa barua ya kukutuma kazi, inayotoka kwa wakubwa wa afya wa jimbo ao wa zoni. Kisha kituo kinaandika kwamba kweli umeanza kazi, na tarehe gani. Kisha njia inaenda Kinshasa, kwenye wizara ya wafanyakazi wa serikali, ambako unapewa matrikile. Sheria nambari 16/013 ya tarehe 15 Julai 2016, ile ya wafanyakazi wa serikali, inasema watu waingie kwa mashindano, yaani kwa konkuru. Na hata ukiwa na matrikile, inabaki jina lako liingie kwenye orodha ya kulipa. Orodha ya mushahara ni moja, orodha ya primu ni ingine. Njo maana utamukuta mukunga ana matrikile bila mushahara, mwingine anapata primu bila mushahara, na mwingine, kama dada yetu, hana hata kimoja. Kwa walimu munajua hadisi hii, munawaita “N.U.”. Katika maternite pia N.U. wako. Tofauti ni kwamba mwalimu asiyelipwa anaweza kusema leo sifundishi. Mukunga hawezi kumuambia mama: ngoja, usizae leo.

Sasa, kama serikali haimulipi, ni nani anamulipa? Ni mama mwenye mimba. Ni fakitire yake. Feza ya kuzaa inanunua dawa, inanunua karatasi, inanunua mafuta ya groupe, na ile inayobaki wanagawana wafanyakazi. Hapa njo munaelewa juu ya nini mama anazaa vizuri, kisha anazuiliwa na mutoto wake siku nyingi mupaka familia ilete feza. Sisi tunakasirikia mukunga. Tunasema hana moyo. Lakini wamemuketisha pale ili masikini moja alipwe na masikini mwingine, kisha wakatoka na kufunga mulango.

Watu wengine watasema: hii ni mambo ya mishahara, ni ya wanawake na wauguzi, inatuhusu nini sisi vijana? Tutawaonyesha kwa hesabu.

Uchunguzi mukubwa wa afya uliofanywa katika inchi yetu mwaka 2013 na 2014 ulikuta kwamba watoto 80 kwa 100 wanazaliwa katika kituo cha afya. Hii si kidogo. Maana yake, wamama wa Kongo wanaenda. Hawabaki nyumbani kwa ujinga, kama wengine wanavyopenda kusema. Lakini uchunguzi ule ule ulikuta wamama 846 wanakufa kwa kila watoto 100.000 wanaozaliwa wazima. Hesabu za Umoja wa Mataifa za mwaka 2020 zinasema 547. Hata tukichukua ile ndogo, shabaha ambayo ulimwengu umejiwekea kwa mwaka 2030 ni kushuka chini ya 70. Basi mujiulize: kama mama anafika mupaka kwenye kituo, juu ya nini anakufa? Ni lazima tuangalie kile anachokuta akifika.

Mukunga aliyesoma anajua kazi yake. Mama akiwa na uchungu, moyo wa mutoto unasikilizwa kila nusu saa. Njia inapimwa kila saa ine. Yote inaandikwa kwenye karatasi moja, partograme, ili uone mapema kama kazi haiendelei na mama apelekwe kwa munganga wa upasuaji. Mutoto akitoka bila kupumua, musaada unatakiwa ndani ya dakika ya kwanza. Na mama, akiisha kuzaa, saa mbili za kwanza anatakiwa mutu wa kumuangalia karibu, juu damu njo muuaji mukubwa wa wamama, na inaweza kumumaliza ndani ya saa hizo. Dawa ya kuzuia damu, oksitosini, iko na inajulikana.

Sasa muweke mukunga moja na wamama watano. Wawili wako na uchungu, moja anasukuma, moja ametoka kuzaa, wa tano ndiyo anashuka kwenye moto. Moyo wa mutoto nani atausikiliza kila nusu saa? Yule aliyezaa sasa hivi, akianza kutoka damu chini ya kikwembe, nani ataona? Hakuna mutu mubaya katika chumba hiki. Kuko mutu moja tu mwenye kuchoka, anayefanya kazi ya watu watatu, na hajui kama kesho atakula. Kesho yake familia inakuja na mawe. Tumeona hiyo. Na tuseme kweli, wakati mwingine ni sisi vijana tunaobeba yale mawe.

Taarifa ya mwaka 2021 juu ya hali ya wakunga ulimwenguni, iliyotolewa na UNFPA, OMS na Shirikisho la Wakunga la Kimataifa, ilisema dunia inakosa wakunga 900.000. Ilisema pia kwamba wakunga wakiwa wa kutosha, wenye masomo na vifaa, vifo viwili kwa vitatu vya wamama na vya watoto wachanga vinaweza kuzuiliwa. Viwili kwa vitatu! Hakuna mashine itakayoshuka Bangoka na ndege ikafanya hivyo. Na mutu wa kuifanya, sisi tuko naye. Ameketi nyumbani Kabondo, anauza kredi ya simu.

Tuzungumuze sasa juu ya kuzaa bure. Tarehe 5 Septemba 2023, Rais wa Jamhuri alianzisha Kinshasa mupango wa kuzaa bure na kutunza bure mutoto muchanga, na mupango unaendelea kupelekwa katika majimbo pole pole. Sisi hatupingi. Ni hatua nzuri, na mama yeyote aliyewahi kuweka kikwembe chake rehani hatatuelewa kama tungeipinga. Lakini tukumbuke majirani. Burundi ilifanya kuzaa bure Mei 2006. Kenya ilifanya Juni 2013. Katika inchi zote mbili wamama walijaa, na hiyo ni ushindi. Lakini wakunga hawakuongezeka kwa mwendo ule ule, na waliokuwa kazini walizidiwa. Kwetu shida inakuwa mara mbili: fakitire ikiondoka, na ile feza kidogo ya dada yetu inaondoka pamoja nayo. Kama Serikali inataka mama asilipe, basi Serikali njo ilipe, na ilipe kwa wakati. Bila hiyo, bure itabaki kwenye bango, na feza itaombwa kwa jina lingine nyuma ya mulango.

Wengine wanasema: wakunga wapya wanapenda muji, waende basi ndani ya jimbo. Ni kweli, jimbo letu ni kubwa. Ubundu, Opala, Isangi, Yahuma, Basoko, Banalia, Bafwasende: teritware saba, zoni za afya 23, na tano tu ziko ndani ya muji. Lakini fikiri kama wewe. Kama mushahara wako ni kile wagonjwa wanacholipa, utaenda wapi? Pale ambapo wagonjwa wako na feza. Kule ndani mama analipa na kuku, na mwezi mwingine hata kuku hakuna. Mutu hawezi kufuata kazi Opala, siku nyingi kwa barabara ambayo munaijua, ili alipwe na watu wasio na kitu. Ukimulipa kule kule, akiwa na nyumba na dawa, ataenda. Mutu asiyelipwa hawezi kutumwa, anaombwa tu.

Na hapa karibu pia, tusisahau. Mama wa Lubunga akishikwa na uchungu usiku, muto uko mbele yake. Tangu vita ya Wambole na Walengola ilipoanza mwaka 2023, watu wengi walikimbia vijiji vyao wakakuja hapa muji, na kati yao wamama wenye mimba. Maternite ziliwapokea. Wakunga waliowapokea, wengi wao ni hawa hawa wasio na matrikile.

Tuwakumbushe pia kitu kimoja cha kwetu. Shukeni na muto kidogo tu mupaka Yakusu. Pale, tangu miaka ya 1920, hopitali ya misioni ya Wabatisti ilikuwa inafundisha vijana wa hapa kazi ya uuguzi, na ikawatuma kwenye vituo vya vijiji kando ya muto. Ilikuwa wakati wa ukoloni, na ukoloni hatuusifu. Lakini hata wakati ule walijua kwamba ukifundisha mutu, unatakiwa uwe na mahali pa kumutuma. Leo tuko na chuo kikuu, tuko na ISTM, tuko na ITM, na tunafundisha watu ili waende kuketi.

Basi tunaomba nini? Tunaomba mambo matano, na yote yanawezekana.

La kwanza, orodha. Kila zoni ya afya ya Tshopo itangaze: wakunga wangapi wanahitajika, wangapi wako kazini, wangapi wana matrikile, wangapi wanalipwa kweli. Karatasi hiyo ibandikwe kwenye mulango wa ofisi ya zoni na wa kila maternite. Hatuombi majina, tunaomba hesabu.

La pili, wale wanaofanya kazi tayari waingie mbele. Diplome zao zichunguzwe, kisha wafuatane kwa tarehe waliyoanza kazi. Mutu aliyezalisha miaka mitano bila mushahara asipitwe na mutu aliyekuja jana na barua ya mukubwa.

La tatu, konkuru ifanyike hapa Kisangani, mbele ya watu, na matokeo yabandikwe. Katika Tanzania nafasi za kazi za serikali zinatangazwa wazi na sekretarieti ya ajira, na majina ya wanaoitwa yanatoka ili kila mutu aone. Si mbinguni, ni ng'ambo ya ziwa tu.

La ine, anayetumwa ndani ya jimbo akute nyumba, vifaa, na mushahara unaofika kule alipo.

La tano, kila mahali kuzaa bure kunapoanza, feza ya wafanyakazi ifike mbele ya bango.

Watatuambia: Serikali haina feza. Tunajibu hivi. Mwaka 2001, kule Abuja, wakuu wa inchi za Afrika waliahidi kuweka 15 kwa 100 ya bajeti katika afya. Kwetu ahadi ile inangojea mupaka leo. Tena Serikali yenyewe imesema mara nyingi kwamba kuko wafanyakazi hewa kwenye orodha za mishahara. Kama feza inapatikana kwa mutu asiyekuwepo, itapatikana pia kwa mutu aliyepo. Katiba ya 2006, kifungo cha 36, inasema kazi ni haki na inatakiwa mushahara wa haki. Kifungo cha 47 kinalinda haki ya afya. Dada yetu na mama anayezaa, kila moja yuko na kifungo chake. Hatuombi zawadi.

Sasa tujigeukie sisi wenyewe, juu tungekuwa waongo tukisema wakubwa peke yao. Hii kitu tunaita “brashema”, ni nani anaitafuta? Ni sisi. Kila moja wetu akiwa na dada aliyemaliza masomo, anatafuta mujomba ofisini aingize jina. Siku jina lile linaingia kwa mulango wa nyuma, kuko jina lingine linalosukumwa inje. Hatuwezi kuomba orodha ya wazi asubui, na jioni kupeleka bahasha.

Kwa ninyi wakunga wapya muliokuja leo, tuko na shauri kidogo. Usikubali kuanza kazi bila karatasi: omba barua ya kukutuma, omba ile inayoonyesha tarehe ya kuanza, na ukipewa, piga kopi tatu, moja iache kwa mama yako. Weka daftari ya zamu zako. Usilipe mutu anayekuambia anauza matrikile, juu feza itapotea na utaogopa kumushitaki. Peleka barua pia kwenye hopitali za makanisa, kliniki za watu binafsi na mashirika, lakini soma mukataba mbele ya kutia sahihi. Ingieni katika chama cha wakunga. Mukunga moja akidai anaitwa mukaidi. Wakidai mia moja, wanaitwa kwenye meza.

Na kwa sisi wengine, kazi ya wiki hii ni hii. Kila moja aende kwenye maternite ya mutaa wake, muchana, kwa heshima, bila kusumbua na bila kupiga wamama picha. Amusalimie mukunga, amuulize jina lake, na amuulize mambo matatu: usiku muko wangapi? Kati yenu wangapi wanalipwa na Serikali? Kitu gani kinakosekana? Uandike hesabu, usiandike majina. Tuletee. Kama wao wanakawia kutengeneza orodha, sisi tutaanza kuitengeneza, na tutaipeleka kwa Guverneri na kwa wabunge wa jimbo kwa miguu, kwa amani, na vitambaa vyeupe mukononi.

Tulianza kwa kuuliza nani anajua jina la aliyemupokea. Leo ukirudi nyumbani, muulize mama yako. Kama anakumbuka, na yule mukunga yuko muzima, mutafute umupe asante. Halafu muulize kama alipata matrikile.

Tunaendelea.